Ngurumo ya Ndege Uwanjani Ruiri

Jumatano, tarehe 12 Machi mwaka wa 2025, Gatwiri aliamka alfajiri. Alikamua mbuzi, akafagia uwanja, kisha akamnawisha nyanya yake, Gatakaa, na kumpaka mafuta. Uso wake mwenyewe aliusahau.

Kwa miaka mitatu mtoto wa jicho alikuwa amemfunika nyanya macho, hata akawa anawaamkia ndama akidhani ni wajukuu. Siku hiyo madaktari wa macho wangefika Ruiri kwa ndege ndogo ili kuwapasua wagonjwa shuleni. Orodha ingefungwa saa sita, na madaktari wasingerudi hadi mwaka uliofuata. Nyanya alikuja na jogoo kwapani, zawadi ya daktari.

Wazee walikaa mbele ya madarasa. Uwanja wa ndege ulikuwa nyuma, mahali ambapo siku nyingine zote mbuzi hulishwa.

"Nani anayeelewa mambo ya ndege, apande kwenye jukwaa la tangi la maji atutangazie?" aliuliza Mwalimu Nthiga.

"Mimi, Mwalimu!" alijibu Gatwiri.

Jumaa, mwanawe muuza nyama, alicheka. "Wewe? Umewahi kupanda ndege gani? Labda ile ya karatasi!"

"Mjomba wangu Muthamia ni mwendeshaji wa bodaboda," alisema Gatwiri kwa madaha. "Kila afikapo mteremko wa Kiirua huzima injini ili kuokoa petroli, akaserereka hadi chini kimya. Anayetaka kusimama huzima. Anayenguruma anaondoka. Ndege ni pikipiki yenye mabawa."

Akapanda jukwaani. Ndege ilipotokea, sauti yake ilipungua kidogo, magurudumu yakagusa ardhi. Gatwiri alifungua kinywa atangaze kwamba imefika. Ghafla injini ikanguruma kama fahali watatu, na wingu la vumbi jekundu likaimeza ndege yote.

"Inaondoka!" alipiga kelele. "Jamani, imetukimbia!"

Wazee wakainuka. Mzee Gichovi aliitupa kofia yake chini, akaikanyaga, kisha akaiokota kwa kuwa ilikuwa mpya. "Wametuona sura wakaghairi!" alilia. Katika dakika chache kila mgonjwa alikuwa njiani kurudi nyumbani, na nyanya akapakiwa kwenye bodaboda ya Muthamia pamoja na jogoo wake.

Vumbi lilipotua, ndege ilikuwa imesimama pale pale, imetulia kama kuku anayeatamia. Rubani, mwanamke aliyeitwa Shamima, aliteremka na kutazama viti vitupu.

"Wagonjwa wako wapi?"

"Waliambiwa ndege imeondoka," alijibu Mwalimu Nthiga, akimtazama Gatwiri.

Gatwiri alitamani kuwasingizia mbuzi. Kisha akayawaza macho ya nyanya. "Ni mimi, Mwalimu. Nilijidai najua. Sijui."

Shamima hakumkaripia. Aliazima mwiko wa mpishi wa shule. "Wewe hukoroga uji? Mwiko ukiupitisha kwa ubavu hukata tu. Ukiugeuza bapa husukuma. Mapanga yale yaliyo puani mwa ndege hugeuzwa vivyo hivyo. Nina wenzo mmoja wa nguvu ya injini na mwingine wa mapanga. Nikikaribia kutua, hupunguza nguvu, lakini wenzo wa mapanga huusukuma mbele kabisa, ili mapanga yawe tayari kunipaisha tena."

"Huzimi injini?"

"Nikizima, halafu nikute mbuzi wenu uwanjani, nitapaa tena na nini? Dua?"

Jumaa aliangua kicheko.

"Magurudumu yakishagusa ardhi," aliendelea Shamima, "huuinua wenzo wa nguvu, nikauvuta nyuma kupita kizuizi chake. Hapo mapanga hujipinda na kuusukuma upepo mbele badala ya nyuma. Nikiuvuta zaidi, injini hunguruma. Ile ngurumo uliyoisikia ilikuwa breki."

Ilikuwa saa tano na nusu. Gatwiri alikimbia hadi barabarani akiita nyumba kwa nyumba, Jumaa akimfuata na kengele ya shule. Alimkuta nyanya mlangoni pake, amekaza uso.

"Mara imekuja, mara imeenda. Sitoki tena," alisema nyanya.

"Haikwenda popote, nyanya. Mimi ndiye niliyesema nisichokijua. Nisamehe, twende."

Nyanya alimtia jogoo kwapani tena. "Mjomba wako ataendesha?"

"Ndiyo."

"Basi mwambie asizime injini."

Waliingia shuleni dakika nne kabla ya saa sita. Mzee Gichovi alikuwa wa mwisho kuandikwa, kofia ikiwa na alama ya kiatu.

Kesho yake daktari alimfungua nyanya bandeji. Nyanya alipepesa macho, akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, machozi yakimtoka.

"Gatwiri wangu! Umekua," alisema. "Lakini, mtoto, hunawi uso?"

Watu wote walicheka, hata jogoo akawika mikononi mwa daktari. Mwalimu Nthiga akasema, "Sikilizeni, wanafunzi. Neno 'sijui' halimwaibishi mtu, kwani ndilo mlango wa kujifunza. Anayejidai kujua huwapoteza wengine njia. Na aliyekosa akikiri mapema, kosa lake laweza kurekebishwa kabla ya saa sita."

Nawe uliyesoma hadi hapa, msomee mwenzako mmoja hadithi hii leo. Akikuuliza jambo usilolijua, unajua la kumjibu.