Ripoti kwa Lugha ya Nyumbani

Ndugu zangu, ungepita katika kile chuo cha uuguzi cha Kitale saa ya chai, ungefurahi. Vijana wa Naitiri, wa Malakisi, wa miteremko ya Mlima Elgon na wa mashamba ya Trans-Nzoia, wote kwa sare moja, wameketi kwenye nyasi. Mkuu wa chuo alipenda kuwapiga picha. Lakini sogea usikie. Kila duara lilikuwa na kabila lake, na hata maswali ya mitihani iliyopita hayakutoka nje ya duara. Inatia kinyaa.

Kui alikuwa wa duara la Wakikuyu, na alijiona amefika. Walipopelekwa mazoezini katika hospitali moja ya Bungoma, yeye na Dancan, mwenzake wa duara, walikabidhiana wagonjwa kwa Kikuyu. Wekoye, Mbukusu waliyepangwa naye wadi hiyo, alisimama kando kama mgeni. Aliposhindwa kumjibu mwalimu, walimcheka chini kwa chini.

Kisha Wakonyo, mama yake Kui, akaja kumtembelea, akashikwa na nimonia, akalazwa wadi hiyo hiyo. Daktari akaagiza sindano ya penisilini. Kui alijua dawa hiyo humbana mama pumzi. Zamani alidungwa akaponea chupuchupu. Akamwambia Dancan kwa Kikuyu, Wekoye akiwa papo hapo. Dancan akaahidi kuandika kwenye faili.

"Mnasema nini juu ya huyu mgonjwa?" Wekoye akauliza. "Si mniambie pia."

"Hiyo haikuhusu, bana," Kui akamjibu, akaenda kunywa chai.

Dancan akasahau. Muuguzi wa zamu akamtuma Wekoye adunge sindano. Mama alikuwa akiweweseka kwa homa, hakuweza kuulizwa lolote. Kui aliporudi alimkuta amevimba uso, na Wekoye anahangaika kumrudishia pumzi huku akilia. Wakonyo hakupona.

Sasa sikieni uchafu wenyewe. Hata mwili haujazikwa, duara likamjia Kui na shauri: isemwe kwamba Wekoye alidunga bila kuuliza. Dancan akasema hivyo mbele ya walimu. Kui akanyamaza. Wekoye akafukuzwa, akarudi kwao Naitiri kupalilia mahindi.

Siku ya mazishi, mzee Mathenge alimvuta binti yake kando.

"Kui, wewe ulijua hiyo dawa. Hukuwaambia?"

"Niliwaambia, baba."

Walikuwa wakizungumza Kikuyu, lugha ile ile aliyotumia kumwambia Dancan, ambayo Wekoye hakuielewa.

FUNZO

Lugha ya mama ni tamu, izungumzeni nyumbani mshibe. Lakini mkiwa mbele ya mgonjwa, semeni ile ambayo kila anayemhudumia anaielewa. Mnayemfungia nje leo ndiye atakayeshika sindano ya mzazi wenu kesho. Na mkikosea, msimtwike asiye wenu mzigo wa kosa lenu. Huo ni uoza, na aliyeuficha ananuka mpaka leo.