Nakala Zilizobaki Nyumba Ileile

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Mzee Shitanda aliingia sebuleni kwa Asenath, mke wa mwanawe mkubwa. Aliketi, akaanza kusimulia. Alikuwa amefanya kazi ya reli miaka thelathini na miwili, na alitaka wajukuu wapate kitabu cha maisha yake. Alisimulia polepole, naye Asenath akaandika kwenye kompyuta.

Mwaka ulikuwa 1998, mtaa wa Komarock. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Fundi Irungu, jirani yao, ndiye aliyeitilia Linux, programu ya kuendesha kompyuta, akamfundisha Asenath kuitumia.

Nyumba ya pili aliishi Triza, mke wa mwana mdogo wa mzee. Triza alifundisha kompyuta chuoni. Mashine yake ilikuwa mpya. Jamaa walipokutana Soko la Burma kula nyama, sifa zote zilikuwa zake. Triza amesoma. Triza ana adabu. Asenath alitabasamu, lakini roho ilimuuma. Kitabu cha mzee ndicho kitu pekee ambacho Triza hakuwa nacho.

Siku moja Irungu alipitisha waya dirishani, akaunganisha kompyuta hizo mbili.

"Mama Mourine," akamwambia Asenath, "diski hufa bila kupiga hodi. Kwa Triza, ndani ya diski yake, nimekutengea folda. Kila jioni andika neno hili, akiba. Kompyuta itapeleka nakala ya kazi yako huko."

"Kwa Triza?"

"Ndiyo. Nyumba nyingine, diski nyingine."

Jioni hiyo Asenath aliandika neno lile, nakala ikaenda. Lakini usingizi ulimpaa. Alimwona Triza akiwasomea jamaa kitabu kile, nao wakimpigia makofi. Asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, aliuchomoa waya.

Jioni aliandika tena akiba. Kompyuta ikakubali. Asenath akacheka peke yake. Kumbe nakala hutengenezwa hata bila Triza. Akaendelea hivyo miezi mitano.

Mwezi wa Oktoba kompyuta ilianza kutoa mlio, tk, tk, tk. Kisha ikanyamaza. Irungu aliifungua, akatikisa kichwa.

"Diski imekufa. Lakini usijali, nakala ziko kwa Triza."

Walikwenda kwa Triza wakaangalia. Irungu aliifungua folda; ilikuwa na faili moja tu, ya siku ile ya kwanza. Kurasa tisa. Asenath alikuwa ameandika sitini na tatu.

"Nilipiga nakala kila siku," alisema kwa sauti ndogo.

"Waya ulikuwepo?"

Asenath alitazama chini. "Niliuchomoa mimi."

Irungu alivuta kiti. "Sikiliza, Mama Mourine. Folda ya Triza huunganishwa kompyuta yako inapowaka. Bila waya, haiunganishwi. Nakala zako ziliingia kwenye diski yako mwenyewe. Diski ilipokufa, kazi na nakala vyote vikafa. Hata mimi nina kosa. Nilipaswa kuiagiza kompyuta ikatae kama folda haijaunganishwa."

"Niliogopa atasoma," Asenath alisema.

Triza alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. "Dada, Irungu aliifunga folda yako kwa neno la siri. Mimi siwezi kuifungua. Ningetaka kusoma, ningekuomba."

Asenath alitamani ardhi immeze.

Mzee alikubali kusimulia upya. Lakini mambo mengine hayakurudi. "Yule mwenzangu wa stesheni ya Makindu," alisema, "aliyenivuta nisigongwe na behewa. Jina lake limenitoka." Asenath alikuwa ameliandika jina hilo mwezi wa Mei. Sasa hakuna aliyelijua. Alilia jikoni, mzee asimwone.

Irungu aliweka diski nyingine na kurekebisha lile agizo la akiba. Safari hii alimfundisha vizuri. Kwanza hakikisha waya umeingia. Tazama kama folda ya mtandao, ile iliyo kwa Triza, imeunganishwa. Kisha piga nakala. Mwisho fungua nakala yenyewe, usome mistari miwili mitatu.

"Nakala ambayo hujawahi kuifungua, usiitegemee," alisema.

Siku moja mzee alisimulia alivyolazwa hospitali, na jinsi Triza alivyomletea uji kila asubuhi. Alimsifu sana. Vidole vya Asenath vilisita. Kisha akaandika yote, neno kwa neno, na jioni akapeleka nakala.

Aprili iliyofuata stima ilipotea, taa zikazimika, kisha ikarudi kwa nguvu. Kompyuta ya Asenath ikafuka moshi. Irungu alileta nyingine, akaiunganisha na folda ya mtandao, Asenath akaandika neno la siri alilopewa na Irungu. Kabla ya chai ya saa kumi, kurasa zote sabini na moja zilikuwa zimerudi, mpaka sentensi ya jana yake.

"Zote ziko, dada?" Triza aliuliza.

"Zote. Asante, Triza."

Kitabu kilichapishwa Agosti. Mzee aliomba ukurasa wa kwanza uwe na majina mawili, la aliyekiandika na la aliyekitunza. Asenath aliyaandika mwenyewe. La kwake aliliweka juu, na la Triza akaliandika kwa herufi za ukubwa uleule.