Homa ya Hadassa na Mistari Miwili

Asubuhi hiyo, katika kambi ya jeshi ya Kamina, Mireille hakupanga samaki wake wakavu mlangoni kama ilivyokuwa desturi. Alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka. Alikuwa amemtoboa kidole binti yake Hadassa, mtoto wa miaka mitano, na sasa alisubiri kipimo cha malaria kijibu. Kazi hiyo aliipenda mno. Wake wa askari wengi walimletea watoto wenye homa, naye aliwapima kwa mkono usiotetemeka.

Mistari miwili ikatokea.

"Malaria tena!" akasema. "Na dawa alimaliza juzi-juzi hapa! Basi hii malaria iko na nguvu. Leo nitamupatia dawa mara mbili."

"Ngoja, yaya! Usimupatie!"

Alikuwa Ndaya, jirani aliyekuja kununua samaki; Mireille alimwita "yaya", yaani dada mkubwa. Alikuwa akisomea famasia chuo kikuu, na wakati huo alikuwa nyumbani kwa likizo.

Mireille akacheka kwa kebehi. "Weye ungali mwanafunzi. Minyi nimepima nusu ya kambi! Hauone mistari? Iko mbili!"

"Naiona, yaya. Kipimo hakidanganye." Ndaya akachuchumaa, macho yakimng'aa. "Lakini hiki kipimo hakionake mududu ya malaria mwenyewe. Kinatafuta kitu anaachaka mu damu. Ukiuzisha samaki yote, kitunga kinaacha kunuka siku ileile?"

"Hata! Kinanuka wiki nzima."

"Njo vile! Dawa inaua mududu, lakini alama yake inaweza kubakia mu damu wiki nyingi. Kama mutoto alimeza dawa karibuni, hii mistari haiwezi kutuambia kama malaria imerudia."

Mireille alizitazama tembe za malaria alizokuwa ameshazimimina kiganjani. Alikuwa karibu kumnywesha mtoto dawa maradufu! "Basi ni nini inamuwakisha moto hivi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ile njo hatujue. Na homa ya mutoto haingojake. Twende ku kituo cha afya sasa hivi."

Mireille akamfunga Hadassa mgongoni, wakaondoka mbio.

Kituoni, Gaston, fundi wa maabara, alitandaza tone la damu juu ya kioo, akalipaka rangi, kisha akainamia hadubini. Alichungua kwa muda mrefu.

"Hapa tunatafuta mududu mwenyewe," Gaston akasema hatimaye. "Sione hata moja."

Ndaya nusura apige makofi. Gaston akamgeukia mtoto. "Mama kidogo, ukienda kukojoa, unasikia nini?"

Hadassa akaficha uso katika kitenge cha mama yake. "Inanichoma."

"Haa! Sababu gani haukuniambia?" Mireille akashtuka.

"Haukuniuliza. Uliomba tu kidole."

Gaston akacheka hadi miwani ikateleza. Akampa Mireille kopo safi la kukingia mkojo, na mkojo ulipoletwa, akachovya ndani yake kijiti chembamba chenye vipande vya rangi vya kuonyesha maambukizi.

"Angalia, yaya, angalia!" Ndaya akapaza sauti. "Rangi inabadilika!"

Daktari alipomchunguza mtoto na kusoma majibu, alithibitisha: Hadassa alikuwa na maambukizi katika njia ya mkojo. Dawa ya malaria isingemponya hata kidogo. Akampa dawa inayofaa, akasisitiza aimalize yote, hata homa ikishuka mapema.

Homa ikashuka kweli. Hadassa akarudia bukari yake, ule ugali alioupenda, na samaki, akaomba nyongeza, kisha akatoka nje kugombana na wenzake.

Mireille alikuwa bado akifurahia kelele hizo alipoingia jirani yake Élisa, amembeba mwanawe mwenye joto kali.

"Leta kipimo, mama, haraka!"

Mireille akachukua kipimo, lakini hakukifungua. "Kwanza niambie. Huu mwezi alimeza dawa ya malaria?"

"Ndiyo, aliimaliza. Sasa unangoja nini?"

Mireille akakirudisha kipimo mahali pake, akajifunga kitambaa kichwani ili awasindikize kituoni. Lakini kabla ya kuvuka kizingiti, alimwinamia mvulana mikononi mwa mama yake, akamshika mkono kwa upole.

"Papa kidogo, niambie weye mwenyewe. Unaumwa wapi?"