Mpango wa Siku za Ukungu

Nzige wa chuma walitua juu ya paa la Bibi Mwantumu kwa mpigo mmoja, na bati likalia kama limepigwa na mvua ya mawe. Watu wa Lushoto waliwaita nzigejua. Kila mmoja alikuwa mdogo kuliko kiganja, na kila mmoja alikuwa na jicho la kupimia mwanga na joto. Walitambaa wakipima mwinamo wa paa na kivuli cha mlima, kisha wakasema kwa sauti moja kupitia kisanduku alichobeba Mhandisi Zulfa Mbaruku.

"Watu wangapi wanaishi humu?"

"Wapo," alijibu Bibi Mwantumu.

"Wapo wangapi?"

"Wa kutosha."

Zulfa aliinama kuficha tabasamu. Bibi yake mwenyewe, kule Handeni, hakukubali watu wahesabiwe kama mbuzi. Singano, mwana wa Bibi, alingoja mama yake ageuze uso, kisha akanyoosha vidole vitatu: mama, yeye na mkewe Hidaya.

Gridi ya taifa ilikuwa inaondoka milimani. Umeme wake wote ulikuwa unashushwa bondeni kuendesha treni zinazoelea, na kila nyumba ya Usambara ilitakiwa isimame kwa jua lake yenyewe. Nzigejua walipanga, ghala likatoa betri kulingana na mpango, ila si zaidi ya kiwango kilichowekwa kwa kila nyumba. Mpango ukishafungwa, haukufunguliwa mpaka mwaka ugeuke.

"Betri zote hizo za nini, na jua ni la bure?" Singano aliuliza.

"Siku ya jua kila nyumba ni tajiri," alisema Zulfa. "Huku kwenu tunapanga kwa ajili ya ukungu, ule unaokaa mpaka mtu asahau rangi ya mbingu. Betri zikiuvuka huo, nyumba imevuka."

Kisanduku kilitaja taa, pampu, jokofu na kiti-miguu cha Bibi. Kiti hicho chenye miguu minne ya chuma kilimpeleka kila asubuhi kwenye mipeasi yake, bila kumwomba mtu. Mpango ulitosha. Zulfa alikuwa anakaribia kuufunga, nzige mmoja aliyebaki juu ya chumba cha nyuma akatoa mlio.

"Kuna joto lisilotajwa," kisanduku kilisema. "Halimo katika mpango. Gridi ikiondoka, litazimwa."

Singano alitazama chini. Bibi alishika mikono ya kiti chake.

"Bibi," Zulfa alisema taratibu, "likizimwa, nani ataumia?"

Bibi aliutazama mlango wa chumba cha nyuma. "Wawili waliomtangulia tulitangaza mapema," alisema. "Tukapokea vitenge na pongezi. Kisha tukapokea rambirambi. Huyu hatajwi mpaka atimize arobaini. Hata hiyo mashine yako isimtaje."

Zulfa akaelewa. Kule nyuma Hidaya alikuwa amekaa kando ya kitanda-joto, na ndani yake alilala kitoto kilichozaliwa kabla ya wakati wake. Kitanda kama hicho hula umeme usiku na mchana. Zulfa alikiingiza kwenye mpango, na taa ya kisanduku ikawa nyekundu: ukungu ungekuwa mrefu kuliko betri.

"Zima jokofu," alisema Singano.

"Na maziwa anayokamua mkeo utayaweka mfukoni?" Bibi alimkata. "Pampu nayo muiache, nepi hazijifui." Aligonga mkono wa kiti. "Ondoa hiki."

"Mama, utatokaje nje?"

"Nilikubeba mgongoni mpaka ukaota ndevu. Zamu yako."

Taa ikarudi kijani. Kisanduku kikauliza, "Kitanda-joto ni cha nani? Taja jina."

Wote walimtazama Zulfa.

"Cha nyumba," alisema. "Kama pampu." Akafunga mpango.

Arobaini ilipotimia, Zulfa alialikwa. Uani palijaa watu, sufuria za pilau zikatoa moshi, na mtoto, mnene wa mashavu, akapita mkono kwa mkono akiitwa kwa jina lake: Nuru. Kiti-miguu kilisimama kando ya banda, kuku amekitagia.

Zulfa alimtafuta Bibi kwa macho. Alimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kigoda, alikoachwa asubuhi aote jua. Jua lilikuwa limehama. Bibi alibaki kivulini, kanga ameivuta mpaka kidevuni, akiitazama mipeasi yake kwa mbali. Singano alikuwa amekwama na wageni.

"Umekaa hapa muda mrefu, Bibi?"

"Silalamiki. Mtoto analia vizuri, umemsikia?"

Kisanduku kiliamka mkobani mwa Zulfa. "Mabadiliko ya kaya. Watu wangapi sasa?"

Zulfa alikiweka chini, akachuchumaa mbele ya kigoda, akampa Bibi mgongo.

"Panda," alisema. "Twende kwenye mipeasi."

"Na mashine yako?"

"Nijibu nini?"

Bibi aliikumbatia shingo yake, mwepesi kama kanga iliyokauka juani.

"Iambie wapo," alisema. "Na leo wamezidi."