Kisu cha Nyamizi na Komeo Lake

Kila jioni Nyamizi, mwanafunzi wa darasa la sita pale Mhunze, aliteka maji lamboni, kisha akachuna mkonge wa kusokotea kamba za mbuzi. Kisu cha nyumbani kilikuwa butu kama kijiko. Basi siku ya mnada alimbeba tetea wake mweusi, akambadilisha kwa kisu cha kukunja.

"Sikia!" Mchuuzi alikifungua. Tak! "Komeo la chuma hilo. Bapa halirudi ng'o!"

Baba Marselino, fundi baiskeli aliyekaa jirani, aliinua uso. "Ng'wanone, mtoto wangu, kisu hakipimwi kwa sikio. Weka vidole mbali na njia ya bapa, ukandamize mgongo wake juu ya gogo. Kikijikunja, mrudishie mwenyewe."

"Mbona kinalia vizuri, baba?" alisema Nyamizi, huyo akaenda zake.

Kesho yake lamboni, Ghati, msichana wa darasa lake, aliipiga teke ndoo ya Nyamizi. "Toka hapa! Mtoto wa mwizi wa ng'ombe!"

Nyamizi alimrukia. Walipigana ngumi, wakang'atana, wakagaagaa topeni. Ghati alimkaba koo, akambamiza kichwa chini mara mbili. Nyamizi alipochomoka, mdomo ulikuwa umepasuka, damu inachuruzika kidevuni. Mkono ukaingia mfukoni. Tak!

"Leo nakutoboa tumbo!"

Nyuma ya Ghati ni maji, mbele ni kisu. Nyamizi alipochoma, Ghati akakinga tumbo kwa debe lake tupu la maji. Ncha ikagonga bati, komeo likaachia, bapa likarudi kwa nguvu na kumkata Nyamizi vidole vitatu hadi mfupani. Yowe lake liliwatawanya ng'ombe. Na ni Ghati yule yule aliyechana kanga yake, akamfunga mkono, akamkokota hadi zahanati.

"Umefanyaje?" mganga aliuliza huku akishona.

"Nilikuwa nachuna mkonge."

Ghati aliendelea kuushika mkono wake usitikisike. Wema ule ulimchoma Nyamizi kuliko sindano. "Nimedanganya," alilia. "Nilitaka kumchoma huyu."

"Mimi ndiye niliyeanza," alisema Ghati. "Na baba yake si mwizi."

Nyuzi zilipotolewa, kidole kimoja kilikuwa hakikunjiki tena. Wasichana wale wawili walikwenda kwa Baba Marselino, wakamwamkia. Alikibana kisu kwa koleo, akakandamiza mgongo wake juu ya gogo. Kikajikunja kama mguu wa panzi.

"Komeo bovu limenila kidole," alisema Nyamizi.

"Kweli, ungelipima usingeumia. Lakini lingekuwa zima, leo Ghati angekuwa wapi?"

Nyamizi alilitazama tumbo la mwenzake, akasema, "Kivunje, baba."

Mzee alikiponda kisu kwa nyundo hadi kikawa vipande. "Wanangu, kipimeni chombo kabla ya kukitumia, na hasira muipime kabla ya kuinua mkono. Usipoifunga hasira yako mwenyewe, hakuna fundi atakayekufungia." Kisha akampa Ghati kisu chake cha mpini wa mti. "Kamchunie mkonge mwenzio mpaka mkono wake upate nguvu."