Kicheko Kilichofutwa

Kicheko kilikuja kabla ya kichekesho. Hilo ndilo lililomfanya Masikio asimamishe kanda, airudishe nyuma na kusikiliza tena huku amefumba macho.

Ndani ya kanda, Bwana Porojo, mchekeshaji wa redio wa zamani, alikuwa anasimulia habari za mtu aliyekwenda kuposa amevaa viatu vya kuazima, vyote viwili vya mguu wa kushoto. Hajafika hata kwenye viatu, mwanamke akacheka. Si watazamaji waliokuwa ukumbini. Hao walicheka baadaye, kwa mkupuo, kama watu wengine wote wenye akili zao. Huyu alikuwa peke yake, karibu kabisa na kipaza sauti, na alicheka polepole kama mtu anayeujua mwisho wa hadithi.

Masikio hakuogopa. Alikuwa fundi wa sauti katika kituo cha redio, jina hilo alipewa na wenzake kwa kazi yake, na kanda za zamani alizijua. Kanda ikikaa miaka imeviringishwa, tabaka moja huambukiza jingine, ukasikia neno kwa mbali kabla halijasemwa. Kila fundi anaijua kasoro hiyo. Akajiambia ni hiyo hiyo, akaendelea na kazi, na hapo ndipo alipokosea. Kasoro ile hunakili sauti inayokuja baadaye kwenye kanda. Na mwanamke huyu, ukiisikiliza kanda mpaka mwisho, hakucheka baada ya kichekesho hata kimoja.

Labda mapenzi yalimziba masikio. Bwana Porojo ndiye aliyemlea, kwa njia ya redio. Zamani, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, baba yake alikuwa anaondoa kitambaa kilichofunika redio, anaiwasha kwa mkono wake mwenyewe, na ole wake mtoto atakayegusa kitufe. Wao watoto walikaa sakafuni. Mama yao, mtu wa huzuni zake, aliacha vyombo kwenye beseni akaja kusimama mlangoni eti anapita tu, na kichekesho cha tatu hakijaisha alikuwa ameshakaa, anajifuta machozi kwa upindo wa nguo. Masikio aliwahi kuifungua redio ile kwa nyuma ili aone Bwana Porojo anakaa wapi. Alichokiona ni kofi la baba yake.

Sasa kituo kilitaka kurudisha vipindi vile hewani. Bwana Porojo alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo ruhusa iliombwa kwa mjane wake. Akaja studio mwenyewe, bibi mkavu, aliyenyooka, mkoba mapajani. Wote walimwita Bi Mkubwa kwa heshima ya umri wake. Masikio alimwekea kanda ya viatu, akatarajia angalau tabasamu. Hakutabasamu. Kicheko kile kilipopita, vidole vyake viliukaba mkoba.

"Hicho umekisikia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimekisikia, Bi Mkubwa. Kasoro ya kanda tu hiyo."

"Unaweza kukitoa?"

"Naweza."

"Kwenye kanda zote? Kisibaki hata mkwaruzo?"

"Hakitabaki, mama yangu."

"Basi kitoe, halafu mtangaze mpaka mchoke. Mimi sitaki kitu kingine kwenu." Akainuka, akamshika mkono fundi, akauminya kwa nguvu ambazo Masikio hakuzitarajia kwa mkono wa mzee. "Mungu akubariki, mwanangu. Hujui unanifanyia nini."

Kweli hakujua. Alikaa na kanda zile moja baada ya nyingine. Zilinuka siki kwa uzee, na zilipokuwa zinazunguka kwenye mashine utando wake ulipukutika, maana kanda ya umri ule ukiicheza mara moja ndiyo umeiaga. Aliziingiza kwenye kompyuta, akakitafuta kicheko, akakikata. Kila kipindi kilikuwa nacho, na siku zote kabla ya kichekesho. Katika kituo kile nafasi ya kuhifadhi ilikuwa finyu, kwa hiyo utaratibu ulikuwa kwamba kilichosafishwa kinawekwa juu ya kichafu, na kichafu ndiyo basi tena.

Siku alipofuta kicheko cha mwisho, harufu ya siki ilikatika chumbani. Yakaja marashi, mazito, kama mwanamke aliyejipamba amepita nyuma ya kiti chake. Aligeuka. Mlango ulikuwa umefungwa, na ule haukuwa mlango wa kufunguka kimyakimya.

Nyumbani mke wake alimnusa shati.

"Leo ulikuwa na nani?"

"Na marehemu Bwana Porojo."

"Marehemu huyo anajipulizia vizuri," mke wake alisema, akalitupa shati kwenye maji.

Jumapili kipindi kilirudi hewani. Masikio aliwakalisha mke wake na binti yake mbele ya redio kama baba yake alivyofanya, na hata yeye akakataza vitufe visiguswe. Binti alikuwa na miaka saba na walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Bwana Porojo alipofika kwenye viatu, Chiriku alijitupa nyuma, mdomo wazi, mabega yanatikisika, na sauti haikutoka. Wazazi walidhani anawaigizia. Kisha akajishika koo.

"Baba," alisema, "kicheko changu hakitoki."

Kesho yake maneno yalianza kumpungua. Yaliondoka moja moja, kama meno ya utotoni, na wiki haikuisha kabla Chiriku hajabaki na macho tu. Daktari alimulika koo, akasema ni zima, labda mtoto ameogopa kitu. Kitu gani, hakuna aliyejua, mpaka mchana mmoja Chiriku amelala mapajani mwa mama yake, mdomo umefumba, na baba yake ameketi mbele yao anamtazama, na nyumba nzima hakuna mtu mwingine, jikoni kukasikika kicheko cha Chiriku, kile kile chenye kwikwi katikati, kikatoka jikoni kikaja ukumbini kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, kikapita mbele ya redio iliyozimwa, kikawazunguka wote watatu, na kila kilivyozunguka kilizidi kukomaa, hata kilichoanza kitoto kikaishia utu uzima, polepole, karibu na sikio la Masikio, na marashi yakajaa chumba kizima.

Mke wake hakupiga kelele. Alimkumbatia mtoto, akanong'ona, "Umetuletea nini, Baba Chiriku?"

Jioni ile ile aliitwa mganga, mama wa makamo aliyekuja na mkoba wa plastiki na miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuanza na mtoto. Alianza na redio. Aliinusa pande zote, akatikisa kichwa, kisha akawasha ubani na kumkalisha Chiriku mbele ya moshi.

"Wewe uliyemo," alisema kwa upole, "tusigombane. Umefuata nini kwa mtoto wa watu?"

Midomo ya Chiriku ilifunguka. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Nilikuwa nimekaa kwangu. Nimeng'olewa. Na mimi nang'oa."

"Nani kakung'oa?"

"Mwenye kisu ni baba yake. Mwenye neno ni mke mwenzangu."

Masikio aliyaelewa maneno yale yote kwa mara moja, pamoja na mkono ule wa mzee uliomminya.

"Mtoe," mke wake alimsihi mganga. "Mtoe, dada yangu, nakuomba."

"Simtoi. Jini asiye na kwao ukimfukuza anarudi na hasira mara mbili, na safari hiyo hachukui sauti peke yake." Mganga alivua miwani, akaifuta. "Alikuwa anaishi ndani ya kicheko. Kirudisheni."

"Hakipo," Masikio alisema. "Nimekifuta. Kanda nazo zimekufa."

"Basi mpeni kingine, cha mwanamke, mkiweke pale pale mlipokata. Atakifuata. Lakini jueni, atakifuata mpaka kwa mwenyewe, na atahamia kwake."

"Chukua changu," mke wake alisema papo hapo.

Masikio alikataa, wakabishana kwa minong'ono huku mtoto akiwatazama, hadi akashindwa, akatoa kinasa sauti chake kidogo cha kazini na kumshikia mke wake mdomoni. Mama wa watu alijaribu. Alijaribu tena. Kila alipofungua kinywa acheke, kilio ndicho kilichotoka. Hicho mganga alisema hakifai.

Asubuhi Masikio alibisha hodi kwa Bi Mkubwa. Kinasa sauti kilikuwa mfukoni mwa shati, tayari kimewashwa, kwa sababu alitaka kila atakachokisema bibi huyu kuhusu jini yule kisimpotee. Hakuwa na nia nyingine alipoingia.

Bi Mkubwa alimkaribisha kiti chini ya picha za marehemu. Aliposikia habari za mtoto hakushtuka.

"Kumbe ndiko alikokwenda," alisema.

"Ulijua, Bi Mkubwa?"

"Nisimjue mke mwenzangu? Vichekesho vyote vile unadhani vilikuwa vya mume wangu? Yeye alikuwa mdomo tu. Alikuwa ananisimulia mezani, nacheka, kumbe mwenzangu ameshacheka kabla yangu. Watu wananiambia, 'Raha yako, unachekeshwa nyumbani.' Raha gani? Nilikuwa mgeni kwenye ndoa yangu." Sauti yake ilishuka. "Siku ya kufa nimemshika mkono huu. Hakunitazama. Aligeukia upande wa pili wa kitanda, akatabasamu, akakata roho. Mimi hata jina langu hakulitaja."

Masikio alimwonea huruma. Kweli alimwonea.

"Mama yangu, pole. Lakini twende kwangu ukaongee naye. Mwombane radhi. Mtoto ana miaka saba."

"Mtoto ni wako. Mimi nilinyimwa. Nilikuwa nabeba mimba hazikai, na yule anacheka chumba cha pili. Leo unataka nikampigie magoti?"

"Nakuomba mimi. Nakupigia mimi." Na akapiga magoti kweli, mtu mzima, kwenye zulia la watu.

Bi Mkubwa alimtazama pale chini. Na bibi aliyekaa kwenye studio bila hata tabasamu akacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa kiti. "Hana kwao!" alisema katikati ya kicheko. "Baada ya yote yale, mwenzangu hana kwao! Wacha nicheke, mwanangu, naye aonje anavyojisikia mtu anayechekwa!"

Masikio aliinuka, akafuta magoti, akaaga kwa adabu.

Studioni, alikisikiliza kicheko kile mara moja. Kilikuwa safi, hakikuhitaji kupunguzwa wala kuongezwa. Alijua anachokifanya, hakujidanganya kwamba ni kazi tu. Alimfikiria bibi mzee peke yake na picha zake, na huruma aliyokuwa nayo asubuhi aliitafuta asiione. Alichokiona ni mwanawe amefungua kinywa na hakitoki kitu, na juu yake mtu anacheka. Hasira ilikuwa imetulia ndani yake. Akakipachika kicheko cha Bi Mkubwa kwenye kila pengo, katika kila kipindi, kabla ya kila kichekesho. Akahifadhi, cha zamani kikafutika.

Jumapili hawakukaa mbele ya redio. Walisimama, mke na mume, mtoto katikati. Bwana Porojo alianza habari nyingine, ya kinyozi aliyesinzia. Kabla hajafika pa kuchekesha, kicheko cha bibi mzee kilitoka hewani, kikavu, kwa nchi nzima. Marashi yalipanda chumbani ghafla, yakawafanya wote wakohoe, kisha yakaondoka kama mtu aliyeitwa nje.

Na Chiriku akacheka. Alicheka kicheko chake mwenyewe chenye kwikwi katikati, akamwaga maneno hapo hapo, kwamba ana njaa, kwamba dawa ya daktari ilikuwa chungu, kwamba yule mama wa ubani miwani yake ina uzi, kwamba kwa nini mama analia. Mama yake alikuwa ameketi sakafuni, anacheka na kulia pamoja, anambusu popote mdomo unapofika.

Kipindi hakijaisha, simu ya Masikio iliita. Alitoka nayo nje.

Mwanzoni zilikuwa pumzi tu. Mtu alikuwa anahangaika na hewa, ulimi unagonga meno, unatafuta neno moja na hauokoti hata herufi. Masikio alizijua pumzi zile. Nyuma ya pumzi hizo, huko ilikopigwa simu, kulikuwa na nyayo zisizo na haraka, na kiti kikavutwa, na simu ikachukuliwa kutoka mkononi mwa yule mtu, taratibu, kwa heshima.

"Samahani, fundi," sauti ilisema, karibu sana na sikio. "Mke mwenzangu ana neno na wewe, ila hawezi. Nimemwambia akae apumzike. Kuanzia leo nitamsemea mimi."

Masikio alisubiri moyo wake umsute, akasubiri hata kidogo tu, na haukumsuta. Hilo lilimtisha kuliko sauti ile.

"Nani huyo?" mke wake aliuliza kutoka ndani.

"Wamekosea namba," alisema. Akakata simu, akarudi kumsikiliza binti yake.