Dobi Aliyeosha Joka

Jumamosi asubuhi dukani kwa Kola hapakuwa na pa kutia mguu. Foleni ilianzia kaunta ikatoka hadi nje, kila mtu na sherehe yake ya kuwahi, na mvuke wa pasi ulikuwa umetanda kote. Kola mwenyewe alikuwa ameinamia suruali ya bwana harusi mmoja. Watu walimpa jina hilo kwa sababu kola ya shati ikipita mikononi mwake ilisimama kama imetoka kiwandani. Mambo ya wateja aliyaacha kwa dada yake, aliyekaa kaunta na ulimi wake usio na breki. Kilichomfanya ainue kichwa ni sauti.

“Samahani jamani, nina saa moja tu, na gauni limemwagikiwa chai.”

Sauti hiyo aliijua. Kila jioni ilimjia kutoka kwenye redio ya rafuni ikisimulia habari za majoka na falme zilizojengwa juu ya mawingu, naye akipiga pasi. Mwenye sauti alikuwa mwanamke mrefu, amevaa jinzi na fulana iliyopauka, lakini nywele zimesukwa za sherehe na hereni ndefu zikimcheza mabegani. Mkononi alishika gauni la manjano lenye doa kubwa kifuani.

Kola akamwacha bwana harusi asubiri, akalipokea gauni mwenyewe. Dada yake alimtupia jicho. Huku akilishughulikia doa, Kola alimweleza yule mwanamke kwamba humsikiliza kila siku, na kwamba ana lalamiko.

“Lalamiko gani?”

“Mashujaa wako wote ni wana wa wafalme. Wanapigana na majoka wiki nzima, wanagaagaa kwenye matope, halafu Ijumaa wanaingia ikulu na majoho meupe pee. Nani huwa anawafulia?”

Mwanamke alicheka hadi foleni nzima ikageuka. Aliondoka na gauni safi, akaacha namba yake ya simu, na tangu siku hiyo Kola akamwita Msimulizi.

Simu zikaanza. Msimulizi akipiga mchana kumuuliza sabuni gani hutoa masizi, Kola akimjibu, kisha wanajikuta wameongea mpaka dada mtu anagonga kaunta kwa ufunguo. Wakaanza kutoka pamoja Jumapili. Msimulizi alipenda mikono yake, iliyonukia wanga wa nguo na jua. Kola alipenda jinsi alivyomsikiliza, kichwa kikiwa upande, kama mtu anayeambiwa siri ya dola.

Haukupita muda, redioni ikaja hadithi mpya. Joka lilikuwa limeukalia mlima juu ya mji, likitema moshi usiku na mchana hadi watu wakasahau rangi ya anga. Mashujaa walipanda na mapanga yao, wakarudi wakichechemea. Mwisho akapanda dobi. Hakuwa na upanga. Alikuwa na ndoo, brashi na sabuni ya mche, kwa sababu alikuwa amechoka kuanika nguo zikarudi nyeusi.

Mji mzima ukanaswa na hadithi. Wateja walimuuliza Kola joka linaendeleaje, kana kwamba limefungwa uani kwake. Naye alitembea kifua mbele, hakuficha. Maisha yake yote hakuwahi kusikia mtu wa kazi yake akipanda mlima wowote.

Jumapili moja Msimulizi akampeleka kwa mama yake, mwalimu mstaafu, mwenye nyumba iliyojaa vitabu na mapazia mazito. Kola alivaa shati la samawati alilolipiga pasi mara mbili. Mama alipouliza kijana anafanya kazi gani, Msimulizi akawahi kujibu.

“Ana kampuni ya mambo ya mavazi, mama.”

Kola akamtazama. Msimulizi akatazama kikombe chake. Kwa heshima ya mwenye nyumba, Kola hakumsahihisha, lakini chai hakuimaliza.

Siku chache baadaye, duka likiwa limejaa, redio ikasimulia jinsi dobi alivyofika kileleni akakuta joka halina ubaya wowote. Lilikuwa linaumwa. Majivu ya miaka yalikuwa yameganda chini ya magamba yake. Dobi akakunja mikono ya shati, akalisugua mpaka moshi ukakatika. Wateja wakapiga makofi. Kisha mzee wa ikulu, aliyekuwa amemfuata mlimani, akaliona kovu begani mwa dobi, akapiga magoti: huyu ndiye mwana wa mfalme aliyepotea utotoni.

Wateja wakashangilia zaidi. Kola akazima pasi, akatoka uani, akapiga simu.

“Kwa hiyo dobi hakutosha,” alisema.

Msimulizi akajieleza haraka haraka: mkuu wa vipindi alisema hakuna atakayeamini, wasikilizaji wanataka damu ya kifalme, yeye angefanya nini.

“Na kwa mama yako? Mkuu wa vipindi alikuwepo?”

Kola hakungoja jibu.

“Mimi sijawahi kuiona kazi yangu ndogo, mpenzi. Wewe ndiye unayenitafutia ufalme. Ukitaka mwana wa mfalme, katafute. Hapa kuna dobi tu.” Akakata simu.

Alifanya kazi kama kawaida, tena kwa bidii, lakini redio aliizima, akaigeuza ikatazama ukuta. Simu za Msimulizi hakuzipokea. Dada yake alivumilia hadi siku ya mwisho ya hadithi, akaiwasha redio, akaongeza sauti, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

Redioni watu wa ikulu walikuwa wanamvisha dobi taji kule kule kileleni. Akalivua. Akawaambia kwa adabu kwamba wamekosea mtu, kwamba yeye anamjua mama yake vizuri, mama huyo alikuwa dobi, na baba vilevile, na joka limeoshwa na mtoto wao. Kisha akashuka mlimani, maana siku hiyo anga lilikuwa safi na watu walikuwa na nguo za kuanika. Hadithi ikaishia hapo. Kola alibaki ameishika pasi hewani.

Asubuhi yake Msimulizi alikuja, macho yamevimba, amemshika mama yake mkono. Hawakuruka foleni, walisimama kama wengine mpaka zamu yao ikafika.

“Nimeambiwa jana usiku kwamba wewe ni dobi,” mama alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Mbona ulikaa kimya kwangu?”

“Sikutaka kumwaibisha mbele yako.”

Mama akamgeukia binti yake, akamtazama vya kutosha. “Umesikia?”

“Nimesikia. Nilikukosea, Kola. Niliona haya, na haya yenyewe hayakuwa na maana.”

Kola akazunguka kaunta, akaja upande wa wateja. Hakuwa na pete wala hotuba. Aliuliza tu, watu wote wakisikia, kama angekubali kuolewa na dobi.

“Ndiyo,” alijibu Msimulizi, kwa sauti ndogo ambayo redio haikuwahi kuipata.

Dada mtu akaufunga mlango wa duka, akawaambia waliobaki nje warudi mchana.